Ofisi ya mawakili: kwa vijana tumechanganyika, kwa mapatna sura ni zilezile. Naanzia wapi?

mwenye_mafaili:
Habari zenu wakuu. Niko upande wa ajira na utawala kwenye ofisi ya mawakili, mimi sio wakili ila mafaili ya wafanyakazi wote yanapita kwangu. Mapatna, yaani mawakili wanaomiliki ofisi, wameniagiza niandae mpango wa kuongeza mchanganyiko wa watu ofisini na humohumo nioneshe mawakili wetu watashikaje nafasi za uongozi kwenye jamii, yaani bodi za shule, vituo vya msaada wa kisheria, chama cha mawakili na kadhalika. Nia yao ni njema na mimi hili jambo nalitaka kwa moyo wote ndo maana sitaki liishie kwenye picha za brosha.

Kwa vijana wanaoingia tuko vizuri, wanawake ni wengi, wapo waliotoka familia ambazo hakuna aliyewahi kukanyaga chuo, yupo na mwenzetu asiyeona. Ukipanda ngazi kidogo wanaanza kupungua, ukifika kwa mapatna hakuna mchanganyiko wowote. Halafu kuna dada mmoja, wakili mzuri sana, ndiye anaendesha kliniki ya msaada wa kisheria jioni, ndiye analea wanafunzi wanaokuja kwa mafunzo, na akija mgeni wa kuulizia mambo ya usawa anaitwa yeye. Tathmini ya mwaka ilivyofika akaambiwa masaa yake ya kulipisha wateja hayajafika. Fomu yake nilikuwa nayo mkononi, sehemu ya mchango mwingine pameandikwa "anajitolea vizuri", basi, hakuna alama hata moja. Sasa nianze na kuajiri au kupandisha vyeo?

msaili_kazi:
Mkuu usidharau mlango kwa sababu tu vijana mnao. Kuna utafiti ulitoka Marekani 2004, Bertrand na Mullainathan, walituma CV karibu 5,000 za kubuni Boston na Chicago, sifa zinafanana tofauti ni majina tu, yale yanayosikika ya kizungu yakaitwa kwa asilimia 50 zaidi ya yale yanayosikika ya watu weusi. Kwahiyo ficheni majina na vyuo kwenye mchujo wa kwanza, kwenye usaili kila mtu aulizwe maswali yaleyale kwa mpangilio uleule na kila msaili aandike alama zake KABLA hamjaanza kujadiliana, maana mkubwa akishasema "huyu nimempenda" wengine wote wanafuata. Na mafunzo ya vitendo yalipwe. Yasipolipwa anayeweza kuja ni yule anayelishwa nyumbani tu.

joho_la_zamani:
Nakubaliana na msaili lakini kwa hali aliyoieleza mleta mada tatizo lake haliko mlangoni. Nimekaa kwenye uwakili muda mrefu, watu wanapotelea kwenye ugawaji wa kazi. Patna akipata kesi kubwa anamwita aliyemzoea, pengine walisoma chuo kimoja, wala hapangi ubaya, anamwita tu yule anayeamini hatamwangusha. Basi huyo anakaa kikao cha kwanza na mteja, anasimama mahakamani kuomba ahirisho, baadae anahoji shahidi mdogo, mwaka unaofuata mteja anapiga simu anamuulizia kwa jina. Mwenzake walioanza siku moja yuko chumba cha nyuma anapanga viambatisho na kuweka namba za kurasa mpaka usiku, kazi ya lazima kabisa ila hakuna mteja anayejua kama yupo. Siku ya kuchagua patna wanauliza huyu ana wateja gani, na huyu wa viambatisho hana, atawatoa wapi?

Kabla hujaandika mpango wowote chukua orodha ya kesi kubwa za mwaka uliopita, kila kesi andika nani alikuwepo kikao cha kwanza na mteja na nani aliongea mahakamani. Usiweke maoni, weka majina tu uwape mapatna wasome wenyewe. Mimi ningeanzia hapo hata kama kuajiri kutasubiri.

Na kwenye vyeo, Marekani kuna utaratibu wa Mansfield Rule ulioanza 2017, jina ni la Arabella Mansfield mwanamke wa kwanza kukubaliwa uwakili kule, Iowa 1869. Ulivyoanza, ofisi iliyojiunga ilikubali kwamba ikitafuta kiongozi, angalau asilimia 30 ya wanaofikiriwa watoke kwenye makundi yasiyoonekana huko juu. Atakayechaguliwa ni yule mtakayeona anastahili, ila hao wengine nao lazima wajadiliwe kwa majina.

kifungu159:
Naongezea tahadhari, msije mkaandika kitu kikawapeleka mahakamani nyie wenyewe. Marekani baada ya hukumu ya Mahakama ya Juu ya 2023 iliyokataza vyuo kuangalia rangi ya mwombaji kwenye udahili, ofisi kubwa za mawakili zilishtakiwa kwa ajili ya programu za mafunzo zilizokuwa za makundi fulani tu, zikabadili masharti, halafu Machi 2025 tume ya usawa kazini ikaziandikia barua ofisi 20 kuuliza programu zao. Uingereza nako sheria yao ya usawa, Equality Act ya 2010, inaruhusu kumpa nafasi mtu wa kundi lenye wachache pale tu anapolingana sifa na mwenzake, na huwezi kuifanya iwe sera ya jumla. Soma sheria ya kwenu kwanza. Kwa kawaida njia salama ni kutanua wanaofikiriwa na kurekebisha ugawaji wa kazi, sio kufungia watu nafasi.

jioni_kliniki:
Mimi limeniuma la huyo dada kwa sababu nimeliona sehemu nyingi. Ofisi inataka uongozi kwenye jamii, mzigo wote anabebeshwa yuleyule wa kundi dogo, halafu mzigo huohuo unamnyima cheo. Yaani mambo mawili mliyoyaweka kwenye mpango mmoja yanapigana na hakuna anayeona.

Yahesabiwe masaa, hapo msilegeze. Chama cha mawakili cha Marekani kinashauri wakili atoe angalau masaa 50 kwa mwaka kusaidia watu bure, na zipo ofisi kule zinayahesabu sawa na ya kulipisha. Pangeni zamu ya kliniki na mapatna wawemo. Pia anayekaa kwenye bodi kama mwenyekiti au mweka hazina anajifunza kuendesha kikao kigumu na kusoma hesabu, hiyo ni sifa ya patna, iandikwe hivyo kwenye tathmini. Ila kabla mtu hajakubali kiti chochote muangalie mgongano wa maslahi, bodi ya shule leo kesho mnakuta mteja wenu anaishtaki.

mwenye_mafaili:
Asanteni sana. Orodha ya kesi nimeanza kuiandaa na kwa zile nilizomaliza majina yanajirudia kuliko nilivyodhani. Yule dada nimemuuliza, anasema kliniki anaipenda na hataki kunyang'anywa, anachotaka ni masaa yahesabiwe na apewe kesi ya kusimama mahakamani. Nitapeleka vyote viwili pamoja ili wasichukue kimoja wakaacha kingine. @jioni_kliniki hizo ofisi zinazohesabu masaa ya bure, huwa zinaweka kikomo au yote yanaingia? Najua hilo ndilo swali la kwanza nitakaloulizwa.