NetBSD kwenye Pentium MMX: diski ya IDE inatoa makosa ya aina mbili wakati wa kusakinisha

rift_mmx, Nakuru

Habari wadau. Mashine ni Pentium MMX ya MHz 233, ubao mama wa chipseti ya Intel 430TX, RAM MB 128, BIOS ya Award 4.51PG. Diski ni IDE ya GB 20 (sekta 39102336). Nasakinisha mfumo endeshi wa NetBSD/i386 9.3 kutoka CD. Diski ni master kwenye IDE ya kwanza, kiendeshi cha CD ni slave kwenye mkanda uleule, na mkanda wenyewe ni wa kijivu wa nyaya 40.

Kugawa patisheni kunapita, newfs (kuunda mfumo wa faili) inapita. Taabu huanza base.tgz, furushi la faili za msingi za mfumo, inapofunguliwa. Nimefupisha mistari:

`wd0a: error writing fsbn 3145856 of 3145856-3145983`
`wd0: interface CRC error`
`wd0: transfer error, downgrading to Ultra-DMA mode 1`

Nikianza upya, nambari ya fsbn (mahali ndani ya patisheni) inakuwa nyingine kabisa. Lakini kuna kosa la pili, la kusoma, linaloandikwa `uncorrectable data error`, na hilo hurudi palepale kila mara: wd0 (ndiyo diski) bn 11534399, yaani sekta hiyo. BIOS nayo inaona GB 8.4 tu. wd0a, patisheni ya kwanza, nimeipa karibu diski nzima.

Fundi mmoja hapa mjini anasema diski imekufa, niitupe. Ni kweli, au ni mipangilio?

---

dala_io, Kisumu

Tatizo ni BIOS. Inaona GB 8.4, wewe umetengeneza patisheni ya GB 20, kwa hiyo kuandika kunatoka nje ya mipaka. Weka LBA (kuhesabu sekta kwa nambari moja) badala ya Auto, zima DMA (data kuhama bila kupitia prosesa), au tafuta diski ndogo.

---

nyaya80, Kakamega

Hapana ndugu, BIOS hapa inasingiziwa. Ikishapakia kerneli, kazi yake na diski imekwisha. NetBSD inaongea na diski moja kwa moja kupitia kidhibiti cha PIIX4, na imeiuliza diski yenyewe ina sekta ngapi. Kama ingekuwa inaomba sekta ambayo diski haina, neno lingekuwa `id not found`, na hilo halimo kwenye alichobandika. Kikomo cha GB 8.4 kitamsumbua kwenye kubuti, nitakirudia hapo chini, lakini hakiwezi kuzalisha kosa la CRC.

rift_mmx, una magonjwa mawili na kila moja lina dawa yake. Dalili ya kuyatenganisha umeiandika mwenyewe bila kuulizwa: kosa moja linahamahama, lingine linakaa mahali pamoja. Uso wa diski ulioharibika hauhami. Kinachohama ni njia, yaani mkanda, pini, umeme au RAM.

Anza na CRC. Katika Ultra-DMA, upande unaotuma na upande unaopokea hupiga kila mmoja hesabu ya uhakiki juu ya data iliyopita kwenye mkanda. Hesabu zisipolingana, diski hurudisha kosa hilo na kerneli hujaribu tena. Maana yake data iliharibika njiani, kati ya chipu ya ubao na chipu ya diski. Sahani za diski hazihusiki hata kidogo. Kushuka hadi mode 1 ni kerneli inapunguza mwendo ikitumaini barabara mbovu itapitika.

Ndiyo maana sikubaliani na ushauri wa kuzima DMA. PIO, njia ya zamani ambapo prosesa husafirisha data yenyewe, haina uhakiki huo. Ukiizima DMA mkanda ukiwa bado mbovu, ujumbe wa makosa unaweza kutoweka huku biti zikiendelea kuharibika kimyakimya. Utajua siku gzip itakapokataa faili au programu itakapoanguka bila sababu. Afadhali kosa linalopiga kelele.

Fanya hivi. Tafuta mkanda wa nyaya 80, ule uliokuja na Ultra/66, yaani Ultra-DMA ya MB 66 kwa sekunde. Una pini 40 zilezile, ila katikati ya kila nyaya mbili za data umewekwa waya wa ardhi. Kwa Ultra/33 ya ubao wako mkanda wa nyaya 40 unaruhusiwa, lakini uliokunjwakunjwa miaka zaidi ya ishirini hauna dhamana. Maduka ya kompyuta za mtumba yanayovunja mashine za Pentium 4 huwa nayo kwenye makarai ya nyaya. Angalia rangi za viunganishi. Bluu huenda kwenye ubao, nyeusi ya mwisho huenda kwa master, kijivu ya katikati kwa slave. Usiugeuze mkanda. Urefu usizidi sentimita 46. Tahadhari moja: mikanda hii mingi tundu la pini ya 20 limezibwa, na ubao wa zamani unaweza kuwa na pini hiyo, hapo mkanda hauingii. Usiulazimishe.

Kiendeshi cha CD kihamishie IDE ya pili kwa mkanda wake, kikiwa master. Diski ibaki peke yake kwenye ncha ya mkanda. Ukiichomeka katikati na kuacha ncha ikining'inia, mawimbi yanarudi kutoka ncha hiyo na CRC inaendelea. Jampa nayo iangalie: diski za Western Digital zina mpangilio wa kukaa peke yake ulio tofauti na wa master mwenye slave. Soma kibandiko.

Pini zenye ukungu wa kijani zisafishe kwa spiriti ya isopropili, chomeka na kuchomoa mara kadhaa, acha zikauke.

---

ksm_rwd0d, Kisumu

Naongeza juu ya bn 11534399, maana hiyo ni ya diski yenyewe. Ila usiiguse kabla CRC haijaisha, la sivyo hutajua unachosoma.

Ukishabadilisha mkanda, buti CD, ingia Utility menu, chagua kuendesha /bin/sh. Soma diski nzima:

`dd if=/dev/rwd0d of=/dev/null bs=64k conv=noerror`

Kwenye i386 herufi d ndiyo diski nzima. C ni sehemu ya NetBSD peke yake. Bonyeza Ctrl-T uone imefika wapi. Kwa MB 15 kwa sekunde, GB 20 ni kama dakika 22. Diski safi itamaliza kwa `305487+0 records in`, kwa sababu sekta 39102336 ukigawa kwa 128 ni 305487 kamili. Andika kila bn inayolalamikiwa.

Kama ni sekta chache zilizo pamoja, ziandike upya. Diski haiwezi kuhamisha sekta isiyosomeka kwa kubahatisha kilichokuwamo. Husubiri uandike juu yake, na hapo ikishindwa kuitumia tena ndipo huibadilisha na ya akiba. 11534399 imo ndani ya kipande cha KB 64 kinachoanzia 11534336, ambacho ni cha 90112:

`dd if=/dev/zero of=/dev/rwd0d bs=64k seek=90112 count=1`

Hii inafuta. Kama kuna diski nyingine kwenye mashine, ing'oe kwanza. Kisha rudia kusoma diski nzima.

Baada ya mfumo kusimama, `atactl wd0 smart enable` halafu `atactl wd0 smart status`. Hizo ni taarifa ambazo diski hujiwekea kuhusu afya yake. Tazama namba 5 (sekta zilizohamishwa), 197 (zinazosubiri) na 199 (CRC). Ya 199 kwa kawaida hairudi nyuma hata ukibadilisha mkanda, kwa hiyo usishtuke ukiikuta kubwa. Shtuka ikipanda. Ya 5 ikiongezeka kila wiki, huyo fundi wako atakuwa amesema kweli, ila kwa sababu ambayo hakuiangalia.

---

rift_mmx, Nakuru

Asanteni sana. Mkanda wa nyaya 80 umeingia, CD iko IDE ya pili. CRC imekoma, kerneli inabaki Ultra-DMA mode 2. dd ilikwama kwenye 11534399 na jirani zake wawili tu. Baada ya kuandika kipande kile, imemaliza 305487+0.

Limebaki jambo moja: mara chache napata `lost interrupt`, hasa diski inapoanza kuzunguka. Na je, nikiachana na diski nikatumia kadi ya kumbukumbu ya CF (CompactFlash) kwa adapta, nitakuwa nimepona?

---

nyaya80, Kakamega

`lost interrupt` wakati wa kuanza kuzunguka inanuka umeme. Pima kwenye kiunganishi cha pini nne cha diski, mashine ikiwa inafanya kazi, maana ikipumzika vipimo huwa vizuri vyote. Waya mwekundu hadi mweusi: volti 4.75 hadi 5.25. Wa njano hadi mweusi: 11.4 hadi 12.6. Ile 12 ndiyo inayozungusha mota. Ikizama, mota inasita na diski inachelewa kujibu. Kabla ya kulaumu pawasaplai, hamishia diski kwenye waya wa umeme usiogawanywa na feni, na uangalie kapasita za kuzunguka soketi ya prosesa. Zilizovimba kichwa zibadilishwe.

Kama pawasaplai ni ya AT, ukiweka nyingine viunganishi P8 na P9 hukaa nyaya nyeusi zikikutana katikati. Ukizigeuza unachoma ubao. Na usiifungue pawasaplai yenyewe: kwa umeme wetu wa 240 kapasita za ndani hubeba zaidi ya volti 300, na hazimwagiki papo hapo ukichomoa.

---

dala_io, Kisumu

Kuhusu BIOS nimewaelewa. CF nayo ina mtego wake. Adapta nyingi za bei ya chini hazijaunganisha nyaya mbili za DMA. Kadi inasema inaweza Ultra-DMA, kerneli inaamini, inaomba, jibu haliji, na unarudi kwenye `lost interrupt`. Kabla ya kununua, pima kwa multimita: pini 21 ya IDE lazima ifike pini 43 ya CF, na pini 29 ya IDE ifike pini 44 ya CF. Kama hazifiki, iache.

Ukiwa nayo tayari, kerneli yako ijengwe na `flags 0x0ffc` kwenye mstari wa wd: hiyo ni PIO mode 4, DMA zote zimezimwa. Hapo kuzima DMA ni halali kwa sababu waya haupo, lakini weka adapta moja kwa moja kwenye ubao bila mkanda mrefu. Na kadi jaza yote kisha uisome tena yote, maana kadi za kuongopa ukubwa zimejaa sokoni.

---

ksm_rwd0d, Kisumu

rift_mmx, kabla hujasakinisha upya, badilisha mgawo. BIOS yako inafika sekta 16450560 tu (1024 × 255 × 63). Ukiacha wd0a ienee diski nzima, mfumo unaweza kubuti vizuri leo kwa sababu faili ya /netbsd iliangukia mwanzoni. Siku utakaposakinisha kerneli mpya ikaangukia nje ya kikomo, haitapakiwa tena, na utaanza kuisaka diski kwa kosa lisilo lake. Weka wd0a ya GB 1 mwanzoni kabisa, swap MB 256 baada yake, kisha /usr, na /home ichukue kilichobaki. Hizo mbili zinaweza kuvuka GB 8.4 bila shida yoyote.

Jambo la pembeni: 430TX inaweka kwenye cache (kumbukumbu ya haraka) MB 64 za kwanza za RAM pekee. Ukiona mashine inakuwa nzito kidogo ukiwa na MB 128, si diski.