Tupeane uzoefu: Filamu au epsodi ambayo kila mtu anaisifu (au anaiponda), wewe ukaiona sebuleni kwako ukaona kitu kingine

Rimoti Yangu (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni. Kila nikikaa na watu naambiwa filamu fulani ni kali, sizoni fulani haina mpinzani. Nikiiweka nyumbani, wapi. Naomba tupeane uzoefu: ipi uliyoitazama kwako, kwenye TV yako, watoto wakikatiza mbele ya kioo, ukatoka na maoni tofauti na ya wengi? Masharti mawili tu: uwe umeiona mwenyewe, na mtu asije kulalamika kwamba kasimuliwa mwisho.

Naanza. Game of Thrones, sizoni ya 8, epsodi ya 3, ile ya vita na wafu pale Winterfell. Ilitoka Aprili 2019, dakika 82, na kabla yake watu walikuwa hawalali. Nilichokiona mimi ni giza. Nikazima taa, nikavuta pazia, nikapandisha mwanga wa TV mpaka ukagoma, giza palepale. Nasikia panga, nasikia mtu anakata roho, sijui ni wetu au wao. Mpiga picha wake, Fabian Wagner, aliposhambuliwa alijibu kwamba watu wengi hawajui kurekebisha TV zao. Sawa, bwana mkubwa. Lakini umetengeneza kitu cha kutazamwa kwenye TV, TV za watu hazioni kitu, halafu mkosaji ni mwenye TV?

Sasa rudini sizoni ya 1, epsodi ya 9. Humo pia kuna vita kubwa, na hatuonyeshwi hata kidogo. Tyrion, mmoja wa wahusika wakubwa, anagongwa kichwa na watu wake mwenyewe hata hajaanza kupigana, anazinduka mambo yamekwisha. Bajeti ilikuwa ndogo, wakatuwekea mazungumzo. Halafu Ned Stark, yule tuliyeaminishwa kuwa ndiye steringi, anakatwa kichwa mchana kweupe mbele ya wanawe, na unaona kila kitu. Kwangu mimi tamthilia nzima haikuwahi kuipita hiyo.

Mama Sizoni
Mimi nakuja kutetea. Breaking Bad, sizoni ya 3, epsodi ya 10, ile ya nzi. Ukiuliza watu wanakwambia iruke, haina maana. Walter na Jesse, wale wapika dawa za kulevya, wamejifungia maabara wanamfukuza nzi mmoja, basi. Baba watoto alianza kukoroma mapema, asubuhi akaniuliza, "Vipi, nzi kafa?"

Ni kweli walikuwa wanabana matumizi, ndiyo maana karibu yote imepigwa sehemu moja. Lakini kuna pale Jesse amemtilia mzee dawa ya usingizi kwenye kahawa. Jesse kapanda juu ya ngazi, Walter kaishikilia kwa chini huku macho yanamfumba, na katika kusinzia huko anaanza kusema pole kwa habari ya Jane, mpenzi wa Jesse aliyekufa. Aliyeona sizoni ya 2 anajua Walter alisimama akimtazama yule binti akifa na hakunyoosha mkono. Neno moja likimponyoka, ameumbuka. Hakuna bastola, hakuna gari linalolipuka, na nilikuwa nimeshika mto kwa mikono miwili. Wanaosema iruke nadhani walikuwa wanachezea simu.

Gololi Tano
Squid Game ya kwanza, ile ya watu wanaocheza michezo ya kitoto kugombea hela na anayeshindwa anauawa, epsodi ya 6. Ali alivyobadilishiwa gololi akawekewa mawe na mtu aliyekuwa akimwita kaka. Baada ya hapo sikujali tena nani atachukua zile hela. Zilizobaki nilizitazama kwa sababu bando lilikuwa limeshalipiwa.

Steringi Hafi
Hahaha Mama Sizoni, shemeji aachwe alale.

Yangu ni Rambo ile ya kwanza kabisa, First Blood ya 1982. Sisi wa vibanda umiza, vile vya kuonyeshea video, tuliiona imetafsiriwa, mtu anasimulia kwa Kiswahili juu ya picha. Zama hizo mtafsiri ndiye aliyekuwa anajaza kibanda. Watu walikuwa wanauliza kwanza kama mtafsiri ni Lufufu, jina la filamu baadaye. Kwa hiyo Rambo niliyemjua mimi alikuwa na maneno mengi, ana utani, anatukana maaskari na anaua kijiji kizima.

Juzijuzi nimeitazama nyumbani na maandishi chini. Jamani, ni filamu nyingine! Jamaa haongei. Ametoka vitani Vietnam, amekwenda kumtafuta rafiki yake akaambiwa kafa kwa saratani, kisha polisi wa mji mdogo wanamwona kama mzururaji. Anayekufa waziwazi kwa mkono wake ni mmoja, yule aliyedondoka kwenye helikopta baada ya kurushiwa jiwe. Wengine anawajeruhi tu. Na mwisho Rambo analia, tena kilio cha kamasi, kamkumbatia kanali wake. Pale kibandani sikumbuki kulia kokote. Ama mtafsiri alikuwa anatupigia stori juu yake, ama sisi tulikuwa tumeshasimama kutoka.

Maoni yangu: filamu yenyewe ni bora kuliko zile za baadaye alizoshika bunduki kubwa kuliko yeye. Ila raha ya kibanda sijaipata. Nimeitazama peke yangu, hakuna wa kumpigia kelele.

Rimoti Yangu
Hapo kwa mtafsiri umenigusa. Wengine?

Jirani wa Eastlands
Habari kutoka Nairobi. Huku filamu ambayo kila mtu atakutajia ni Nairobi Half Life ya 2012, na inastahili. Mwas anatoka kijijini kuja kutafuta uigizaji, anaangukia kwa wezi wa vipuri vya magari. Sina ubishi nayo.

Nina neno kuhusu Supa Modo ya 2018. Nilikuwa nimeambiwa ni ya watoto, nikamwekea msichana wangu Jumapili baada ya chakula. Jo ana miaka tisa, ni mgonjwa asiyetarajiwa kupona, na dada yake anawapanga watu wa kijiji wajifanye kwamba mtoto ana nguvu za ajabu. Ni filamu fupi, na hakuna dakika iliyopotea. Lakini nani alisema ni ya watoto? Binti yangu aliimaliza vizuri tu, akacheka pale kijiji kinapojifunza kuigiza. Mimi ndiye niliyekwenda jikoni kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Mie wa Unguja
Mie nitasema ya Vuta N'kuvute, ya Amil Shivji. Watu hapa nyumbani walinuna: inakwenda polepole, mbona kitabuni kuna mambo mengi. Kitabu cha Shafi Adam Shafi tumekisoma wengi skuli, kila mtu ana Yasmin wake na Denge wake kichwani. Filamu haiwezi kushindana na hilo. Ila zima taa uisikilize. Siti Amina akiimba mle ndani, na Kiswahili chenyewe cha kwetu, hakikuparazwa kikawa cha taarifa ya habari. Ni filamu ya masikio. Nimeitazama tena na mama, naye hakuuliza hata mara moja itaisha lini, na huyo huuliza kila kitu.

Mjukuu wa Bibi
Tamthilia ya Sultan ya Azam imenifundisha kwamba bibi yangu ni mhakiki. Waturuki walibadilisha mwigizaji wa Hurrem, mke wa Sultani, katikati: Meryem Uzerli aliondoka, sizoni ya 4 akaingia Vahide Perçin. Mimi nilikasirika nikataka kuacha. Bibi akatazama kidogo, akasema, "Ndiye huyohuyo. Ikulu ile imemzeesha." Akaendelea kula karanga.

Mama Sizoni
Bibi yuko sahihi. Na huyo wa pili ndiye Hurrem wa kuogopwa. Wa kwanza alikuwa anadeka mno.