Naomba ushauri: wavuvi wanataka kuacha ARV kwa habari za seli shina

Wakuu, habari za kazi. Kambi za uvuvi za Igombe na Kayenze, Mwanza, zimejaa maneno kwamba kupandikizwa seli shina (seli changa zinazozaa seli za damu) kunaponya VVU, na wapo wanaotaka kuacha dawa wasubiri. Timothy Ray Brown, Mmarekani aliyekuwa na VVU, alipona kweli, ila alipandikizwa Berlin 2007 na 2008 kwa sababu ya saratani ya damu. Mchangiaji alirithi kwa wazazi wote wawili hitilafu ya jeni ya CCR5, mlango ambao VVU hupitia kuingia kwenye seli, na hitilafu hiyo huufunga. Kwa Waafrika hitilafu hiyo ni adimu mno. Tena kupandikizwa ni hatari: uboho wa mgonjwa (sehemu ya ndani ya mifupa inayotengeneza damu) huuawa kwanza, kisha seli mpya zaweza kushambulia ngozi, ini na utumbo. Wagonjwa wawili wa VVU wa Boston, Marekani, walipewa seli zisizo na hitilafu hiyo. Walipoacha ARV virusi vikarudi. Hili mnawaelezaje wavuvi, ili asiwepo anayeruka TLD (kidonge cha ARV cha kila siku)?