Tupeane uzoefu: Bunduki ndogo za kasi, risasi za kushindilia mwenyewe na kuchakulo wa Idaho

Mlinzi wa Dungu
Wakuu mlioko huku Marekani, majimbo ya Idaho, Oregon na Montana, salaam. Leo nimepita barabara ya mashamba kusini mwa Boise. Theluji imekwisha, kuchakulo wameshatoka mashimoni, wamesimama wima wanapiga mluzi. Mkono ukaniwasha. Alfalfa, yale majani ya mifugo, ikianza kuchipua wenye ranchi ndio wanaokuita wenyewe, maana hawa viumbe wanaimaliza, na udongo wanaoufukua unaharibu visu vya mashine ya kukatia majani. Ikifika Julai wengi wamesharudi chini kulala, kwa hiyo msimu ndio huu.

Mimi natumia bunduki ya risasi aina ya .204 Ruger (namba ni upana wake kwa inchi), kichwa cha greni 32, yaani gramu 2 hivi, kinatoka mtutuni kwa zaidi ya mita 1,200 kwa sekunde. Nashindilia mwenyewe gereji, yaani najaza maganda yaliyotumika baruti na kichwa kipya, kwa sababu siku moja ya kuchakulo inakula maboksi na za dukani zitakufilisi. Wenye visa vya bunduki hizi mwageni hapa, vizuri na vibaya.

Mama Zawadi, Twin Falls
Kushindilia nako kunafilisi. Nenda kaangalie gereji yangu.

Dereva wa I-84
Umenikumbusha mbali. Ilikuwa Oregon mashariki, nyanda za Burns, na madereva wenzangu. Bunduki yangu .223 ya komeo la kuvuta kwa mkono. Jamaa wa kazini, mzaliwa wa hukohuko, anashindilia tangu ujana wake, akanipa boksi lake: piga, usihofu. Za mwanzo safi kabisa. Raha ya bunduki hizi hazirushi bega, unaona mwenyewe kwenye darubini risasi inapofika.

Halafu nikavuta triga, mlio ukawa si ule. Mwanga, moshi usoni, mashavu yanawaka, sikio moja limeziba. Nikaiachia mezani nikajishika macho. Miwani ilikuwa imejaa chembe nyeusi zimejipigilia kwenye kioo. Bila ile miwani leo mngekuwa mnanisomea hii mada.

Komeo likagoma kufunguka. Fundi wa bunduki alihangaika nalo, akatuonyesha: kitako cha ganda kimeng'ang'ania komeo kama kimechomelewa, fataki, ile ya kuwashia baruti, haipo. Akazifungua risasi zilizobaki, chache zikakutwa na baruti ya bastola. Hiyo inawaka haraka mno, ukiijaza kwa kipimo cha baruti ya raifo shinikizo linapanda ghafla, na hapo unaomba chuma kivumilie. Jamaa alikuwa na makopo mawili wazi mezani, akarudishia mabaki kwenye kopo silo. Bunduki alinilipa, namshukuru. Lakini mpaka leo akinipa hata pipi naikagua.

Mwana wa Bukavu
Pole ndugu. Mi ata ikuwe risasi ya ndugu yangu wa tumbo moya, siiweke mu bunduki yangu.

Rimfaya Tu
Nunueni .17 HMR mkalale. Imetoka 2002, greni 17, mita 770 na ushee kwa sekunde, na haishindiliwi hata ukitaka, kwa sababu fataki imo ndani ya ukingo wa ganda. Hadi mita 150 kuchakulo hana pa kwenda.

Mzee Swift
Mita 150 siku ipi? Upepo wa huku ukivuma kidogo, hiyo greni 17 inahamia kwa jirani. .220 Swift ipo tangu 1935 na bado mnaikimbiza.

Rimfaya Tu
Na mtutu umebadilisha mara ngapi, mzee? Unapiga mfululizo mpaka chuma kinanuka, koo la mtutu linalika, kisha unalaumu darubini.

Mzee Swift
Ndiyo maana tunabeba bunduki mbili, moja ipoe. Haya mtayajulia wapi ninyi.

Mkazi wa Kuna
Mnabishana mitutu, mimi nimekutana na nyegere! Nilikuwa natembea uwanjani, nikaona shimo limepanuliwa, nikasema huyu kuchakulo mkubwa. Kikatoka kitu kipana, bapa, mstari mweupe kichwani, kinakoroma, meno nje. Bunduki iko mezani kule nyuma. Na mnajua tulivyosimuliwa nyegere huwa anaanzia wapi. Nilirudi kinyumenyume, kofia nimeishika mbele kwa mikono miwili.

Mama Zawadi, Twin Falls
KOFIA 😂😂

Mwana wa Bukavu
Alafu ikakuwa je??

Bwana Shamba
Huyo si nyegere wa kwetu. Ni baja wa Amerika, ndugu wa mbali. Anachimba kuwafuata kuchakulo haohao. Habari za huko mbele hana.

Mkazi wa Kuna
Nenda wewe ukamsomee.

Mwalimu wa Singida
Huku kuchakulo wanafukua mbegu za karanga, tunawafukuza kwa makopo na mbwa. Ninyi mnaua mnaacha hapohapo?

Mlinzi wa Dungu
Wanaliwa na tai na mwewe, mwalimu. Ndege hao wakizoea milio wanakuja wenyewe. Hapo ndipo pana tatizo, vichwa hivi vinasambaratika ndani ya nyama na ledi, yale madini yaitwayo risasi, yanawaingia ndege. California imeyapiga marufuku kwenye uwindaji wote tangu Julai 2019. Mimi nimehamia vichwa vya shaba tupu, ghali lakini basi. Na walioko kaunti za Adams na Valley waangalie sana: kuna kuchakulo wa kaskazini mwa Idaho, analindwa na sheria ya serikali kuu tangu 2000. Ukimpiga huyo, tafuta wakili.

Mzee Swift
Shaba inachafua mtutu.

Rimfaya Tu
Mtutu upi tena?

Mama Zawadi, Twin Falls
Ushauri wa bure: kopo moja tu mezani, simu ibaki jikoni, na mwanamume anayeshindilia asisemeshwe. Mimi wangu nikitaka kumsemesha nangoja afunge kopo.

Dereva wa I-84
Mama, ungekuwa mke wa yule jamaa.

Mlinzi wa Dungu
Jumamosi tunaenda. Upepo ukizidi tunarudi. Asiye na miwani asije.

Mkazi wa Kuna
Nakuja. Miwani ninayo, natafuta bati la huku mbele.