Mnawezaje kuyaona mambo madogo yenye furaha kabla siku haijapita?

Mpita Njia ameuliza:

Ndugu zangu, nina jambo ambalo limenikaa moyoni kwa wiki kadhaa, nami naomba mnisaidie kulitafakari. Sina msiba, sina ugonjwa, wala sina deni linalonikosesha usingizi. Nyumbani kuna amani na kazi inaendelea vizuri. Hata hivyo, juzi usiku mwenzangu aliniuliza, "Leo umecheka mara ngapi?" nikakosa jibu. Hakuniuliza kwa kunilaumu, kwani yeye mwenyewe alikuwa amejiuliza swali hilohilo na kukuta hakumbuki. Tulikaa kimya kidogo, kisha kila mmoja akageukia upande wake.

Lililoniuma zaidi lilitokea asubuhi iliyofuata. Mtoto wetu wa miaka minne alivaa viatu mwenyewe, cha kulia mguu wa kushoto na cha kushoto mguu wa kulia, akasimama mbele yangu, akaitazama miguu yake kwa muda mrefu, halafu akasema kwa masikitiko, "Viatu vyangu vimenuniana." Nilimwambia aharakishe kwa kuwa tulikuwa tunachelewa, nikavibadilisha, tukatoka. Ilikuwa mchana, nikiwa kazini, ndipo nilipoielewa sentensi ile: ncha za viatu zilikuwa zinatazama kila moja upande wake, kama watu wawili waliogombana. Nilicheka peke yangu pale mezani, lakini aliyestahili kukisikia kicheko kile hakuwepo.

Swali langu ni hili: je, mtu anaweza kujifunza kuyaona mambo ya namna hii wakati yanapotokea, au ni kipaji ambacho wengine wamezaliwa nacho? Sitafuti vichekesho vya kutazama kwenye simu, maana hivyo ninavyo tele na nikishavitazama sibaki na kitu.

Mlezi wa Watatu amejibu:

Ndugu Mpita Njia, kabla ya yote, mrudie mtoto huyo. Mwambie ulizikumbuka habari za viatu vyake ukiwa kazini na kwamba ulicheka sana, kisha muulize vilikuwa vimegombania nini. Mtoto wa umri huo hatakuuliza kwa nini umechelewa kucheka. Atakueleza ugomvi wote, ulivyoanza mpaka ulivyokwisha, na huenda ukagundua kwamba kiatu kimoja ndicho chenye makosa.

Kuhusu kujifunza, kwangu mimi adui alikuwa haraka. Nilikuwa nawaamsha watoto katika dakika ya mwisho kabisa, hivyo kila neno walilosema asubuhi lilikuwa kizuizi kati yangu na mlango. Nilipoanza kuwaamsha robo saa mapema, maneno yao hayakubadilika hata kidogo, ila mimi nikaanza kuyasikia.

Mfundisha Saikolojia amejibu:

Nimelisoma swali lako mara mbili, kwa sababu linagusa jambo ninalolifundisha na ninalolipenda kwa dhati. Jibu langu ni kwamba sehemu kubwa ya uwezo huo hujengwa, na kwamba unajengwa na vitu viwili: kuwepo kwa akili pale mwili ulipo, na kuwa na mtu wa kumsimulia.

Nianze na la akili. Mwaka 2010, Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha utafiti ambao watu wazima 2,250 waliulizwa kupitia simu zao, kwa nyakati zisizotabirika za siku, walikuwa wanafanya nini, wanafikiria nini na wanajisikiaje. Katika karibu asilimia 47 ya nyakati hizo, watu walikuwa wanawaza jambo jingine tofauti na lile walilokuwa wanalifanya, na kwa jumla walikuwa na furaha ndogo zaidi akili ilipokuwa imehama. Hata waliokuwa wakiwaza mambo mazuri hawakuwa na furaha kuliko waliokuwa wametulia katika kile walichokuwa wakikifanya. Ukiutazama ule wakati wa viatu kwa macho hayo, utaona kwamba macho yako yalimwona mtoto na masikio yako yalimsikia, ila wewe mwenyewe ulikwisha kufika kazini.

La pili ndilo ambalo watu wengi hulisahau. Robert Provine, aliyekuwa mtafiti wa kicheko nchini Marekani, aliacha kuwachekesha watu maabara, akaenda pamoja na wasaidizi wake kusikiliza mazungumzo ya kawaida mahali watu wanapokutana, wakaandika kila kicheko pamoja na neno lililokitangulia. Walikusanya matukio 1,200. Walichokuta ni kwamba sehemu ndogo tu ya vicheko hivyo, chini ya asilimia 20, ilifuata kitu kinachofanana na kichekesho. Vingine vyote vilifuata maneno ya kila siku yasiyo na ufundi wowote, kama vile kumuaga mtu au kumuuliza mwenzako ametoka wapi. Katika kazi nyingine, alikuta kwamba wanafunzi walioandika kumbukumbu za vicheko vyao walicheka takriban mara 30 zaidi wakiwa na wenzao kuliko wakiwa peke yao, bila kuhesabu vicheko vilivyotokana na runinga au vitabu. Naona hapo ndipo lilipo jibu la vichekesho vyako vya simu: vinakupa kitu cha kuchekesha, lakini havikupi wa kucheka naye.

Umesema pia kwamba huna shida yoyote, kana kwamba hilo lingetosha kukufanya ucheke. Halitoshi. Mwaka 1978 Philip Brickman na wenzake waliwalinganisha watu 22 walioshinda bahati nasibu kubwa na watu wengine wa kawaida, wakaona kwamba washindi walipata raha kidogo zaidi katika mambo ya kila siku, yakiwemo kuzungumza na rafiki, kula kifungua kinywa na kusikia kichekesho. Kundi lenyewe lilikuwa dogo, kwa hiyo silibebeshi mzigo mkubwa, lakini linaonyesha jinsi moyo unavyoyazoea mazuri mpaka yanakuwa kama ukuta wa nyumba, upo lakini hauonekani.

Ukitaka zoezi, lipo moja ambalo Martin Seligman na wenzake walilijaribu na kulichapisha mwaka 2005. Washiriki waliandika kila usiku, kwa wiki moja, mambo matatu yaliyokwenda vizuri siku hiyo pamoja na sababu ya kila moja. Furaha yao ilipanda na dalili za huzuni zikapungua, na tofauti hiyo ilikuwa bado inaonekana miezi sita baadaye, hasa kwa wale walioamua kuendelea kwa hiari yao. Katika hali yenu ningelibadilisha kidogo: kila mmoja wenu amsimulie mwenzake jambo moja tu lililomchekesha au kumfurahisha, na alisimulie kwa ukamilifu, nani alisema nini na uso wake ulikuwaje. Ukijua kwamba usiku utadaiwa simulizi, mchana utaanza kuitafuta.

Muuguza Baba amejibu:

Nakubaliana na waliotangulia, ila naomba niongeze tahadhari moja. Msiigeuze furaha kuwa kazi ya kukaguliwa. Zipo siku ambazo hazina kicheko hata kimoja, na mtu asiulizwe hesabu yake siku hizo.

Nasema hivyo kwa sababu nilimuuguza baba yangu kwa miezi mingi, na watu waliokuja kututazama walikuwa wakituhimiza tuchangamke. Maneno yao yalituchosha. Kilichotusaidia kilitoka kwake mwenyewe, wala hatukukitafuta. Alikuwa anameza vidonge sita kila jioni, navyo vilimshinda kwa kuwa koo lilikuwa dhaifu. Jioni moja alikiinua cha mwisho, kile kikubwa cheupe, akakishika kati ya vidole viwili, akakitazama kama mzee anayemtuma kijana mvivu, akakiambia, "Nenda mwanangu, wenzako wameshatangulia na wanakungoja." Kisha akakimeza, akanywa maji, akanigeukia na kuuliza, "Unadhani amefika?" Nilicheka mpaka nikaketi chini, naye akacheka kwa ile sauti yake ndogo iliyokuwa imebaki.

Tangu siku hiyo kila kidonge kilipewa ujumbe wake. Ugonjwa haukupungua, na sitaki mtu afikiri kwamba kicheko kilimponya, kwani hakikumponya. Lakini jioni, ambayo ilikuwa saa ngumu kuliko zote, ikawa saa tuliyoisubiri. Leo nikimkumbuka, sauti inayonijia kwanza ni ile iliyokuwa ikikiaga kidonge.

Mpita Njia amejibu:

Nawashukuru nyote, na kwa namna ya pekee nakushukuru wewe Muuguza Baba, kwa kuwa nililisoma jibu lako kwa sauti nyumbani na mwenzangu akaniomba nilirudie.

Nilifanya kama nilivyoshauriwa. Nilimuuliza mtoto kuhusu viatu, akanieleza kwamba kile cha kushoto kilikanyaga maji bila kumwambia mwenzake. Jioni nilimsimulia mwenzangu habari hiyo tangu mwanzo, pamoja na ule uso wa masikitiko, akacheka, kisha akakumbuka kwamba juma lililopita mtoto huyohuyo alimkataza asizime taa ya chumbani kwa sababu kivuli chake kilikuwa hakijamaliza kuvua nguo. Alikuwa amekwisha kulisahau kabisa. Tulizungumza mpaka usiku mwingi, na asubuhi ya leo nimevikuta viatu vimepangwa mlangoni, cha kulia kulia na cha kushoto kushoto, vimegusana, na nimeambiwa nisivitenganishe kwanza kwa sababu vinaombana msamaha.