Rupia ya 1910 J yenye bluu na dhahabu ukingoni: ipelekwe ilivyo au ichovywe kwanza?

Ukingo_Mzima

Wakuu habari zenu. Ninayo rupia 1 ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, 1910 J (J ni alama ya kiwanda cha Hamburg), fedha ya 917 kwa 1000, gramu 11.66. Ukingoni kuna bluu. Ukisogea ndani inakuwa zambarau, halafu nyekundu ya kahawia, halafu njano ya dhahabu, na katikati bado nyeupe. Sonara anasema aichovye kwenye dawa sekunde chache itoke kama mpya. Inakusudiwa kwenda NGC au PCGS, kampuni za Marekani zinazokagua sarafu na kuzipa daraja. Je, rangi hii itaishusha daraja? Na hao wapimaji wanatambuaje rangi ya asili na rangi iliyopikwa?

Heller_Shaba

Mkuu, isichovywe. Rangi peke yake haishushi daraja. Kwenye kipimo cha 1 hadi 70, wapimaji wanatazama hali ya uso, mng'ao, ubora wa chapa na mvuto wa jumla. Rangi inaingia kwenye mvuto, na inagusa mng'ao pale tu inapokuwa nene. Ikiwa nyembamba na mng'ao unapita chini yake bila kuzuiwa, mara nyingine inaipandisha sarafu alama moja. NGC huweka hata alama ya nyota kwa sarafu yenye mvuto wa kipekee. Ikifika kijivu kizito au nyeusi, mng'ao umekwisha na daraja linashuka.

Hiyo dawa ya sonara kwa kawaida ni tindikali yenye thaiourea. Kinachoondoka si uchafu. Ule utando ni salfaidi ya fedha, yaani ni fedha ya sarafu yenyewe iliyoungana na salfa. Ukiutoa, umetoa na ngozi ya juu. Mng'ao wa sarafu mpya unatokana na vijistari vidogo mno vilivyoachwa na metali ilipotiririka chini ya chapa. Vikiliwa, sarafu inabaki nyeupe lakini imekufa, haichezi tena chini ya taa. Utando wa njano unaacha hasara ndogo. Wa bluu unaacha kubwa zaidi, na mweusi unaacha uso ulioliwa kabisa.

Ukwaju, ndimu na majivu, dawa ya meno: hivyo ndiyo usiviguse kabisa. Vinakula uso au kuacha mikwaruzo, na lebo itarudi na neno "Details" badala ya namba.

LenziKumi

Naongezea upande wa utambuzi. Mpangilio aliouelezea mleta mada ni dalili nzuri sana. Rangi hizi si rangi ya kupaka; ni mwanga unaogongana ndani ya utando wa nanomita makumi kadhaa, kwa hiyo zinafuata unene. Zinaanza njano, zinakuja nyekundu ya zambarau, kisha bluu. Mzunguko wa pili unaleta njano tena, waridi na kijani. Kijani hakiji mapema. Ukiona kijani au bluu kali imekaa ubavuni mwa uso mweupe, bila njano wala nyekundu katikati, shuku.

Namna ya kukagua: zima taa za juu, bakiza taa moja ya mezani, shika sarafu kwa ukingo, iinamishe na kuizungusha polepole. Mng'ao uzunguke ukikatiza ndani ya rangi. Kisha lenzi ya mara 10 kwenye herufi: rangi ya asili mara nyingi huacha kivuli chembamba cha rangi tofauti kuzizunguka, ilhali ya kupikwa kwa moto au salfa hupita juu ya herufi na uwanja kama rangi ya ukuta. Angalia pia mikwaruzo myembamba iliyolala sambamba chini ya rangi. Hiyo ni sarafu iliyosuguliwa zamani ikapata rangi upya. Rangi ni ya kweli, ila daraja limeshapotea.

Na kitu kimoja kinachowaponza wengi: rangi huficha msuguano. Kagua tai wa kofia ya Kaizari na shavu lake. Rangi ikikatika pale juu na kubaki kijivu kisicho na mng'ao, hiyo ni AU (karibu mpya, 58 kwa juu kabisa), si MS (isiyotumika, 60 hadi 70), hata iwe nzuri vipi.

Ukingo_Mzima

Shukrani wakuu. Tai na shavu viko sawa, rangi haikatiki. Ila upande wa nyuma, karibu na neno RUPIE, kuna utelezi wa kijani unaonata. Nao ni rangi ya asili?

Heller_Shaba

Hapana, huo ni mabaki ya PVC kutoka vifuko laini vya plastiki. Huo uondoe, maana una tindikali na unaendelea kula fedha. Tumia asetoni safi, si dawa ya kufuta rangi ya kucha, ambayo huwa na mafuta na manukato. Iweke kwenye chombo cha kioo (plastiki nyingine zinayeyuka), mbali na moto, dirisha wazi. Loweka dakika 10, igeuze, hamishia kwenye asetoni mpya dakika nyingine 5. Usisugue wala kufuta. Iache ikauke yenyewe. Asetoni haigusi salfaidi, bluu yako itabaki. Rangi ikiondoka na asetoni, ilikuwa vanishi au rangi ya kupakwa.

LenziKumi

Baada ya hapo, kifuko cha Mylar (plastiki isiyo na PVC), ndani ya kopo linalofunga pamoja na silika jeli, zile punje za kunyonya unyevu. Kwa wa pwani hilo ni la lazima, unyevu na chumvi havina mchezo. Bahasha za kaki na rababendi weka mbali, zote zinatoa salfa na bluu itaendelea hadi nyeusi.