Naomba ushauri: jiko la makaa ya mawe la kupasha nyumba Dodoma

Wakuu, habari za majukumu. Niko Nzuguni, na upepo wa Juni na Julai mnaujua. Naishi na mama, baridi inamkaza magoti. Nataka jiko la mkaa mbadala unaotengenezwa kwa makaa ya mawe, hizi Rafiki Briquettes za STAMICO (Shirika la Madini la Taifa), lichemshe maharage jioni huku likipasha sebule.

Hofu yangu ni gesi ya kaboni monoksidi: haina harufu, inaua watu usingizini. Fundi anasema dirisha wazi linatosha. Simwamini hata kidogo. Bomba la kutoa moshi juu ya paa naona ni lazima. Mliofunga, pale linapopenya dari ya jipsamu mmeikinga na nini? Na majivu yake mnamwaga wapi? Kwenye mchicha nasita.